SOMO LA AFYA: Anakula, lakini anakonda. Lishe na mwako wa mwili kwa mgonjwa wa dayalisisi ya tumboni

Tuseme yuko mzee wa miaka 60 ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Kwa mwaka mmoja sasa anasafishwa damu kupitia tumbo, nyumbani kwake. Kila siku mifuko minne ya maji huingia na kutoka tumboni mwake, naye halalamiki. Lakini shati limeanza kumpwaya, mikono imekuwa myembamba, na sahani inarudi jikoni ikiwa nusu. Binti yake akimpakulia kipande cha samaki, mamake humzuia: "Mwanangu, si daktari alimkataza babako nyama na samaki? Mpe uji." Mzee naye huitikia: "Msikilize mamako. Uji wanitosha."

Huu ni mfano tu, lakini jambo lenyewe hutokea katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa figo. Mama hakosei kukumbuka. Kabla ya dayalisisi, ni kweli mgonjwa wa figo huambiwa apunguze protini. Ila siku alipoanza kusafishwa damu kupitia tumbo, agizo hilo liligeuka, na huenda hakuna aliyekaa na familia akaieleza. Sasa mzee anahitaji protini zaidi, wala si kidogo. Na kama anakula vizuri lakini bado anakonda, basi kuna jambo la pili la kutafutwa mwilini mwake, nalo huitwa mwako.

Somo hili linaeleza mambo hayo mawili: protini inayopotea, na mwako unaoila misuli. Ni kwa ajili ya wagonjwa, jamaa zao, na wahudumu wa afya ya jamii wanaowatembelea nyumbani.

Dayalisisi ya tumboni ni nini?

Figo zikishindwa, uchafu na maji ya ziada hubaki kwenye damu. Wakenya wengi wanaosafishwa damu hutumia mashine hospitalini, mara mbili au tatu kwa wiki. Njia ya pili, ambayo hutumiwa na wagonjwa wachache hapa nchini, ni dayalisisi ya tumboni.

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika matumbo na kuta za tumbo. Utando huo una mishipa midogo mingi ya damu. Daktari huweka mrija laini unaopita kwenye ngozi ya tumbo hadi ndani. Kupitia mrija huo mgonjwa huingiza maji maalumu, kwa kawaida lita 2 kwa mtu mzima, akayaacha humo kwa saa 4 hadi 6, au usiku kucha. Uchafu hutoka kwenye damu, hupita kwenye utando na kuingia kwenye maji hayo. Kisha maji humwagwa na mapya huingizwa. Wengi hufanya hivyo mara nne kwa siku.

Njia hii ilianza kufikiriwa kwa namna tunayoijua leo mwaka 1976 na Robert Popovich na Jack Moncrief huko Texas, Marekani. Faida yake ni kwamba mgonjwa hubaki nyumbani, hufanya kazi zake, na hahitaji umeme wala safari ya kila mara kwenda hospitalini. Lakini ina gharama yake mwilini, na gharama hiyo hulipwa kwa protini.

Protini inakwenda wapi?

Utando wa tumbo ni kama chujio. Unapitisha uchafu, lakini pia unapitisha vitu vizuri ambavyo mwili haukutaka kuvitoa. Kwa siku moja mgonjwa wa dayalisisi ya tumboni hupoteza takriban gramu 5 hadi 15 za protini katika maji anayomwaga. Yai moja lina protini kama gramu 6. Kwa hiyo ni kana kwamba kila siku mgonjwa anamwaga chooni yai moja hadi mayai mawili na nusu, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Akipata maambukizi ya utando wa tumbo, kiasi kinachopotea huongezeka sana, na huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi kilipokuwa hata baada ya maambukizi kutibiwa.

Ndiyo maana ushauri hubadilika. Mwongozo wa lishe ya wagonjwa wa figo uliotolewa mwaka 2020 unapendekeza hivi:

- Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza dayalisisi na hana kisukari: hupunguza protini hadi karibu gramu 0.6 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, chini ya uangalizi.
- Mgonjwa aliye kwenye dayalisisi: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku.

Hiyo ni karibu mara mbili. Mtu wa kilo 60 aliyekuwa akila gramu 36 za protini sasa anatakiwa kula gramu 60 hadi 72.

Tahadhari: ikiwa wewe ni mgonjwa wa figo na hujaanza dayalisisi, usiongeze protini kwa sababu ya somo hili. Fuata ushauri uliopewa na kliniki yako.

Mwako ni nini?

Ukijikata kidole, mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Mwili umetuma walinzi wake kupambana na vijidudu na kurekebisha palipoharibika. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Hapa tutaiita mwako. Mwako wa kidole huisha baada ya siku chache, na hauna ubaya. Bila huo kidonda hakiponi.

Ubaya upo pale mwako unapoenea mwili mzima na kukaa miezi au miaka, polepole, bila maumivu ya kumfanya mtu aende hospitalini. Wagonjwa wengi wa figo huwa na mwako wa namna hii. Walinzi wa mwili hutoa kemikali ziitwazo saitokini, na kemikali hizo hufanya mambo matatu yanayohusu chakula:

1. Huenda kwenye ubongo na kuzima hamu ya kula. Mgonjwa anaona chakula, lakini hakitaki.
2. Huamuru misuli ivunjwe, ili protini yake itumike kwenye vita. Mapaja na mikono hupungua hata kama mtu anakula.
3. Huamuru ini lipunguze kutengeneza albumini, ambayo ni protini kuu ya damu, na badala yake litengeneze protini za vita. Mojawapo ya hizo ni ile inayopimwa maabara kwa jina la CRP.

Mwaka 2000 daktari Peter Stenvinkel wa Sweden na wenzake waliuliza kama wagonjwa wa figo wana utapiamlo wa aina moja au mbili. Hoja yao ni rahisi kuielewa. Aina ya kwanza hutokana na kula kidogo, na mgonjwa akilishwa vizuri na kusafishwa damu ya kutosha, hupata nafuu. Aina ya pili hutokana na mwako, na hapo chakula peke yake hakitoshi. Ukiongeza chakula bila kutafuta chanzo cha mwako, ni kama kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Kwa mgonjwa mmoja aina zote mbili huweza kuwepo pamoja. Na aina ya pili haidhoofishi misuli tu: mwako wa muda mrefu huenda sambamba na kuziba kwa mishipa ya damu na maradhi ya moyo, ambayo ndiyo huua wagonjwa wengi wa figo. Hivyo kukonda kwa mgonjwa wa dayalisisi si suala la sura wala la nguo kumpwaya.

Chanzo cha mwako hutafutwa wapi?

Mgonjwa anapokonda bila sababu inayoonekana, kliniki hutafuta mambo haya. Jamaa anaweza kusaidia kwa kuyaangalia nyumbani:

- *Mahali mrija unapotokea kwenye ngozi.* Je, pana wekundu, usaha, maumivu au uvimbe?
- *Utando wa tumbo.* Je, maji yanayotoka ni safi, au yana ukungu?
- *Kinywa.* Fizi zinazotoka damu na meno yaliyooza hulisha mwako kila siku. Watu wengi hawahusishi meno na figo, ilhali kliniki ya meno ni sehemu ya matibabu haya.
- *Miguu.* Mwenye kisukari huweza kuwa na kidonda kwenye unyayo asikihisi. Angalia kati ya vidole.
- *Kifua kikuu.* Wagonjwa wa dayalisisi wako katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu, na si lazima kiwe cha mapafu. Homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda visipuuzwe hata kama hakuna kikohozi. Vituo vya afya vya serikali hutibu kifua kikuu bila malipo.
- *Maji mengi mwilini.* Miguu iliyovimba, kukosa pumzi ukilala chali na presha ya juu ni dalili kwamba maji hayatoki ya kutosha. Maji hayo ya ziada nayo huchochea mwako.
- *Dayalisisi isiyotosha.* Mgonjwa anayeruka mifuko hubaki na sumu mwilini, na sumu hiyo huleta kichefuchefu na kuua hamu ya kula.
- *Asidi kwenye damu.* Ikizidi, nayo huvunja misuli. Hupimwa kwa damu na hutibika kwa vidonge.

Yako pia mambo mengine yanayofanya mtu asile: kufunga choo, huzuni, dawa zinazochafua tumbo, na tumbo lenyewe kujaa maji. Usiamue mwenyewe ni lipi. Liseme kliniki.

Mizani inaweza kukudanganya

Jamaa wengi huridhika kwa sababu uzani wa mgonjwa haujashuka. Hapa kuna mitego miwili.

Kwanza, lita 2 za maji tumboni zina uzani wa karibu kilo 2. Mpime mgonjwa wakati uleule kila siku, asubuhi, baada ya kumwaga maji na kabla ya kuingiza mapya, akiwa na nguo nyepesi. Andika kwenye daftari.

Pili, misuli huweza kupungua huku maji ya mwilini yakiongezeka. Mizani husoma kilo zilezile, lakini aliyekuwa na kilo 60 za nyama na misuli sasa ana 56 na maji kilo 4. Kwa hiyo tazama pia mikono, mapaja na mifupa ya bega, na uulize: je, bado anainuka kwenye kiti bila kushikilia? Je, bado anafungua mfuniko wa chupa mwenyewe?

Mwaka 2008 jopo la kimataifa la wataalamu wa lishe ya figo lilitoa vigezo vya kutambua mgonjwa anayedhoofika. Miongoni mwavyo ni kupungua uzani kwa asilimia 5 ndani ya miezi 3 bila kukusudia, au asilimia 10 ndani ya miezi 6, na albumini kuwa chini ya gramu 38 kwa lita ya damu. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3 tu. Ukiona hivyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Ukiambiwa albumini imeshuka, usiharakishe kumlaumu mpishi. Tumeona kwamba albumini hushuka kwa mwako, kwa kumwagika na maji, na kwa maji kuzidi mwilini, hata mtu akila vizuri. Uliza: "CRP yake ikoje?" CRP ikiwa juu, kazi ya kwanza ni kutafuta chanzo cha mwako. Ikiwa chini na mgonjwa anakula kidogo, kazi ya kwanza iko jikoni.

Jikoni: kiasi gani, na kwa chakula gani?

Protini si lazima iwe ya bei ghali. Makadirio haya yatakusaidia kuhesabu:

- Yai moja: gramu 6
- Samaki, kuku au nyama iliyopikwa, bila mfupa, ukubwa wa kiberiti: gramu 7
- Samaki, kuku au nyama iliyopikwa, ukubwa wa kiganja: gramu 20
- Maharagwe, pojo au mbaazi zilizopikwa, nusu kikombe: gramu 7
- Maziwa, kikombe kimoja: gramu 8
- Uji wa mahindi, kikombe kimoja: kama gramu 2

Utaona kwamba vikombe vinne vya uji havifikii protini ya mayai mawili. Uji si mbaya, lakini hauwezi kumbeba mgonjwa huyu peke yake.

Huu hapa mfano wa siku moja kwa mtu wa kilo 60:

*Asubuhi:* mayai mawili ya kuchemsha, hamri moja au kipande cha mkate, na chai.
*Mchana:* wali, kipande cha samaki ukubwa wa kiganja, na mchicha.
*Alasiri:* yai moja.
*Usiku:* ugali, nusu kikombe cha pojo, na kipande kidogo cha kuku.

Ukijumlisha, pamoja na protini iliyomo kwenye wali, ugali na mkate, unapata karibu gramu 65 hadi 70. Siku ambayo samaki amepanda bei, weka yai na mbaazi mahali pake. Familia inayofuga kuku wachache wa mayai imeshapata sehemu kubwa ya dawa hii nyumbani.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sahani asilazimishwe. Mpe kidogo mara tano au sita kwa siku. Aanze na samaki au yai, kisha wali, kwa sababu akishiba mapema ni heri kilichobaki kiwe wali. Tumbo lililojaa maji hushiba upesi, kwa hiyo wengine hula vizuri zaidi maji yakiwa yametoka. Muulize muuguzi wa dayalisisi namna ya kupanga saa za kula na saa za kubadilisha maji.

Sukari iliyo ndani ya mfuko

Maji ya dayalisisi yana sukari, kwa sababu sukari ndiyo inayovuta maji ya ziada kutoka kwenye damu. Sehemu ya sukari hiyo hufyonzwa na kuingia mwilini. Kwa siku huweza kufika gramu 100 au zaidi, kutegemea nguvu ya mifuko inayotumika. Hii huleta hali inayowachanganya watu: mgonjwa hunenepa tumbo huku misuli ikiisha. Ana nishati ya kutosha, lakini protini hana. Sukari hiyo pia humpunguzia hamu ya kula, na humpandishia sukari mwenye kisukari.

Kwa hiyo punguza soda, sukari kwenye chai na vitu vitamu, ili nafasi ndogo iliyopo tumboni ijazwe na chakula chenye protini. Punguza pia chumvi. Anayekula chumvi nyingi huona kiu, hunywa maji mengi, kisha hulazimika kutumia mifuko yenye sukari nyingi zaidi ili kuyatoa. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Samaki wa chumvi kama ng'onda aepukwe. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na dania huleta ladha bila madhara hayo.

Fosforasi na potasiamu

Vyakula vingi vya protini huja na fosforasi, ambayo ikizidi hudhuru mifupa na mishipa. Suluhisho si kuacha protini, ni kuchagua. Ute wa yai, samaki wabichi na kuku ni chaguo zuri. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana protini nyingi lakini pia fosforasi nyingi, basi waliwe kwa kipimo. Punguza soseji, nyama za mkebe na soda nyeusi. Ikiwa umepewa dawa ya kuzuia fosforasi, imeze pamoja na chakula. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, haina cha kukamata.

Kuhusu potasiamu, iliyomo kwa wingi katika madafu, ndizi, viazi na parachichi, usijikataze wala usijiachie kabla ya kuona majibu ya damu. Dayalisisi ya tumboni huondoa potasiamu kila siku, na baadhi ya wagonjwa huwa nayo pungufu. Mgonjwa aliyekatazwa matunda na mboga bila sababu hufunga choo, na kufunga choo huzuia maji kutoka vizuri na huongeza hatari ya maambukizi.

Dawa za miti shamba zisitumiwe bila kumweleza daktari, kwa kuwa baadhi yake hudhuru figo na nyingine zina potasiamu nyingi.

Usafi hulinda lishe

Mgonjwa anayebadilisha maji mara nne kwa siku hufungua mrija wake mara 1,460 kwa mwaka. Kila mara ni mlango ambao vijidudu vinaweza kupitia. Maambukizi mamoja ya utando wa tumbo huweza kuondoa misuli iliyojengwa kwa miezi. Ndiyo maana usafi na lishe ni jambo moja.

- Nawa mikono kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha ikaushe kwa kitambaa safi.
- Funga mlango na madirisha, zima feni, vaa barakoa. Kuku, paka na mbuzi wasiwe ndani.
- Kila mfuko ukaguliwe: tarehe, uvujaji, na kama maji ni safi.
- Mahali mrija unapotokea pasafishwe na pakauke kama ulivyofundishwa. Usiogelee baharini, mtoni wala kwenye bwawa bila ruhusa ya kliniki.
- Hifadhi maboksi ya mifuko mahali pakavu, mbali na jua na panya.

Njia rahisi ya kukagua maji yaliyotoka: weka mfuko juu ya jarida hili. Maandishi yakisomeka kupitia mfuko, maji ni safi. Yakiwa na ukungu, hiyo ni dharura.

Nenda hospitalini siku hiyohiyo ukiona:

- maji yaliyotoka yana ukungu (nenda na mfuko huo)
- maumivu ya tumbo, homa au baridi ya kutetemeka
- usaha au wekundu penye mrija
- maji kukataa kuingia au kutoka
- kutapika au kushindwa kula kwa siku mbili
- kukosa pumzi au kuvimba ghafla

Maswali ya kuuliza kliniki

Nakili maswali haya kwenye daftari la uzani:

1. Uzani wake bila maji unatakiwa kuwa kilo ngapi?
2. Anatakiwa kula gramu ngapi za protini kwa siku?
3. Albumini na CRP yake ni ngapi, na zimebadilikaje tangu mara ya mwisho?
4. Dayalisisi anayopata inatosha?
5. Meno, miguu na kifua vimekaguliwa lini?
6. Tunaweza kumwona mtaalamu wa lishe leo?

Kuhusu malipo, hakikisha mgonjwa na wategemezi wake wamesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Kwenye dawati la SHA hospitalini, uliza ni huduma zipi za dayalisisi ya tumboni zinazolipiwa.

Jipime

*Mgonjwa ameanza dayalisisi ya tumboni wiki iliyopita. Je, aendelee na chakula chenye protini kidogo?* La. Aombe mpango mpya wa lishe, kwa sababu sasa anapoteza protini kila siku.

*Mgonjwa anakula mayai na samaki kila siku, lakini anakonda na albumini inashuka. Tuongeze mayai?* Kwanza atafutwe mwako: mrija, utando wa tumbo, kinywa, miguu, kifua kikuu, maji mwilini.

*Uzani haujabadilika kwa miezi mitatu. Je, yuko salama?* Si lazima. Maji huweza kuficha misuli inayopungua.

Turudi kwa yule mzee na sahani yake. Binti alikuwa sahihi kumpakulia samaki, na mama alikuwa sahihi kutaka kufuata neno la daktari. Kilichokosekana ni neno jipya. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mgonjwa wa dayalisisi ya tumboni, siku ya kliniki ijayo msimwache aende peke yake. Anayempikia aende naye, na maagizo mapya ayasikie kwa masikio yake.